Simu za bei nafuu, RAM ya kuazima na hesabu tunayoikosea

Mteja akiingia leo katika moja ya maduka ya simu yaliyobanana kuanzia Barabara ya Pamba hadi Makoroboi, jijini Mwanza, akaulizia simu janja ya daraja la chini, mara nyingi atakutana na moja kati ya mambo mawili: ama simu aliyoiona mwaka jana imepanda bei, ama bei ni ileile lakini kilichomo ndani ya boksi kimepungua. Maelezo atakayopewa, na ambayo yeye mwenyewe atayarudia akifika nyumbani, huwa ni matatu: kodi, dola na tamaa ya wafanyabiashara. Naamini maelezo hayo yote yanatupeleka kusiko. Kilichozisukuma bei za simu za watu wa kipato cha chini ni uhaba wa memori ulioanzia viwandani, maelfu ya kilomita kutoka ziwani, na uhaba huo hauondolewi na Bunge wala na kupatana bei kaunta. Tukilikubali hilo, swali letu kuu linabadilika. Badala ya kuuliza simu mpya zitashuka bei lini, tutalazimika kuuliza simu tulizonazo zitaishi miaka mingapi, na ni nani atakayeziweka hai.

Tuanze na kitu chenyewe. Kila simu janja ina sehemu mbili za kuweka mambo yake. Ipo hifadhi, ambako picha, nyimbo na programu hulala hata simu ikizimwa. Na ipo RAM, ambako programu hukaa wakati zinapotumika tu. Muuza dagaa wa mwalo wa Kirumba angeielewa tofauti hiyo bila kufundishwa: hifadhi ni stoo, RAM ni meza. Stoo ikiwa kubwa na meza ikiwa ndogo, mteja atasimama akisubiri kila gunia linapotolewa na kurudishwa. Chipu za RAM, ambazo ndizo hasa memori ninayoizungumzia, hutengenezwa kwa sehemu kubwa sana na kampuni tatu tu duniani: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kampuni kubwa za teknolojia zimekuwa zikishindana kujenga vituo vya data vya akili mnemba, na mashine za vituo hivyo zinataka memori ya aina ya pekee, inayopangwa tabaka juu ya tabaka ili data ipite kwa kasi. Micron yenyewe imewahi kueleza kwamba kutengeneza kiasi fulani cha memori hiyo hula takribani mara tatu ya silikoni, malighafi ya chipu, ambayo ingetosha kutengeneza kiasi hichohicho cha memori ya kawaida. Kwa maneno mengine, viwanda ni vilevile, lakini ameingia mnunuzi mmoja mwenye fedha nyingi na njaa ya watu watatu.

Matokeo yalianza kuonekana wazi mwishoni mwa 2025. Oktoba mwaka huo Xiaomi, mojawapo ya kampuni kubwa za simu za China, ilitoa simu mpya kwa bei iliyolalamikiwa na wateja wake wa nyumbani, na viongozi wake wakaeleza hadharani kuwa gharama za memori zimepanda kupita matarajio. Desemba, Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina la biashara ambalo kwa karibu miaka 30 lilikuwa likiuza memori moja kwa moja kwa mtu wa kawaida, ili nguvu zake ziende kwa wateja wakubwa. Mwezi huohuo Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza inayopendwa mashuleni kwa sababu ya unafuu wake, ilipandisha bei na kutaja sababu hiyohiyo. Matangazo haya yalipita kwenye kurasa za teknolojia kama habari za wapenda kompyuta. Huku kwetu tulikuwa tukijadili ni simu gani ina kamera ya akili mnemba iliyo bora, bila kuona kwamba akili mnemba hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inaila RAM ya simu ya bei nafuu.

Simu ya bei kubwa huweza kuvumilia pigo hili. Mtengenezaji wake ana faida nene, ana mikataba ya muda mrefu na viwanda, na memori ni sehemu ndogo ya thamani ya kifaa chote. Simu ya chini haina pa kujificha: faida yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na memori ni mojawapo ya vipuri ghali zaidi ndani yake. Ndiyo maana kampuni kama Transsion ya Shenzhen, mama wa Tecno, Infinix na itel, ambazo zimejengwa juu ya mnunuzi wa Afrika, zimebanwa kuliko Apple. Hata wakati ulikuwa wa bahati mbaya. Oktoba 2025, mjini Kigali, umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, pamoja na kampuni sita zinazotoa huduma barani, zilikubaliana juu ya sifa za chini za simu janja ya 4G ambayo ingeuzwa kwa dola 30 hadi 40. Tatu kati ya hizo sita, yaani Vodacom, Airtel na Axian inayomiliki Yas, ziko hapa nchini. Wazo lilikuwa jema, lakini lilitangazwa mwezi uleule ambao kipuri kikuu cha simu hiyo kilikuwa kinapaa.

Upande wa pili, programu nazo hazingoji. Google ilipotoa Android 13, mfumo wa kuendeshea simu, katika toleo lake jepesi la simu ndogo, ilitaka RAM isiyopungua GB 2 na hifadhi isiyopungua GB 16. Ilipofika Android 15, hifadhi ya chini kwa simu zinazokuja na huduma za Google ikapandishwa hadi GB 32. Kila hatua ina sababu zake za kiufundi na siipingi. Lakini sakafu inapanda huku bei ya matofali ya sakafu hiyo ikipanda pia, na aliye karibu zaidi na kubanwa katikati ni mtu anayetaka kuhama kutoka kitochi kwenda WhatsApp kwa mara ya kwanza.

Bei iliyopanda wazi huonekana na kulalamikiwa. Iliyofichwa ndiyo inayonisumbua zaidi, na mfano wake mzuri uko kwenye maboksi yenyewe. Chukua boksi la simu ya daraja la chini, uligeuze upande. Kwa maandishi makubwa utasoma GB 8 za RAM. Lisogeze karibu na macho: pembeni ya nane kuna kinyota, na chini kabisa, kwa herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma bila miwani, kinyota kinafafanuliwa kuwa ni 4 jumlisha 4. Nne za kwanza ni chipu ya kweli. Nne za pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kijifanye RAM pale meza inapojaa. Ukirudi mwaloni, ni sawa na mwenye meza moja kuchora mraba wa pili kwa chaki kwenye sakafu ya stoo na kutangaza kwamba ana meza mbili. Mbinu hii ina kazi yake, kwani programu iliyosogezwa pembeni inaweza kurudi bila kuanza upya kabisa, lakini hifadhi ya simu za bei ndogo ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na kuzijumlisha kwenye namba moja ni kumpotosha mnunuzi. RAM ya kuazima ilikuwepo kabla ya uhaba huu. Uhaba umeigeuza kuwa pazia, kwa sababu mtengenezaji akipunguza chipu ya kweli, namba kubwa mbele ya boksi inaweza kubaki palepale.

Pazia la pili ni mkopo. Simu za kianzio kidogo na malipo ya kila siku zimewafungulia wengi mlango, na sitazibeza. Mama anayepata fedha yake kwa siku hulipa kwa siku, na huo ni utaratibu unaolingana na maisha yake. Hata hivyo, mkopo wa aina hii una tabia ya kumeza ongezeko la bei bila kelele. Kianzio kinabaki kilekile, malipo ya siku yanabaki yaleyale, kinachorefuka ni idadi ya siku, na hakuna anayeitaja kaunta. Mteja akichelewa simu inajifunga, na kinachofungwa hapo ni duka, akaunti ya fedha na daftari la wateja wake, vyote kwa pamoja. Kama simu yenyewe ni ya meza moja na mraba wa chaki, huenda ikaanza kukwama kabla deni halijaisha.

Sasa nirudi kwa maelezo yale matatu. Hoja ya kodi ina ukweli ndani yake. Simu janja hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na tuna kumbukumbu ya karibuni: mwaka 2021 Serikali iliondoa kodi hiyo kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, kisha mwaka 2022 ikairudisha. Anayesema kwamba kodi hufanya simu iwe ghali hakosei. Anakosea anaposema kwamba kodi iliyorudishwa mwaka 2022 ndiyo iliyopandisha bei miaka kadhaa baadaye. Hoja ya dola ni dhaifu zaidi, kwa kuwa shilingi iliimarika dhidi ya dola katika nusu ya pili ya 2025, wakati uleule memori ilipokuwa inapanda. Ama tamaa ya wafanyabiashara, ambayo ndiyo hoja pendwa zaidi vijiweni, inaanguka kwa swali moja tu: je, wauzaji wa Mwanza ndio waliowapandishia bei wateja wa Xiaomi nchini China? Tamaa ipo kila mwaka, na haiwezi kuwa sababu ya jambo lililotokea mwaka mmoja na katika mabara kadhaa kwa mpigo.

Hoja ngumu iko kwingine, na wanaoitoa wanaijua biashara ya chipu. Wanasema memori ni biashara ya mawimbi. Mwaka 2023 soko lilifurika kiasi kwamba SK Hynix ilipata hasara kubwa na Samsung ikalazimika kutangaza kupunguza uzalishaji. Faida ya leo itajenga viwanda, viwanda vitaleta mafuriko, na bei zitashuka tena. Nakubali kwamba bei zitashuka siku moja. Lakini kiwanda cha chipu hakijengwi kwa msimu mmoja wa mvua. Huchukua miaka, na kampuni zilizoungua mwaka 2023 zina kila sababu ya kujenga kwa tahadhari na kumhudumia kwanza mteja anayelipa zaidi. Anayeambiwa asubiri wimbi lishuke ana simu iliyopasuka kioo leo. Subira ni ushauri mzuri kwa mwekezaji wa hisa za Micron. Kwa muuza mboga wa Igoma ni miaka miwili au mitatu bila chombo cha kazi.

Wengine watasema jibu ni simu zilizotumika kutoka Dubai na Ulaya. Kwa kiasi fulani ni kweli: simu ya juu ya miaka minne iliyopita ina RAM ya kweli kuliko mpya nyingi za daraja la chini. Ila nayo huja na betri iliyochoka, wakati mwingine na akaunti ya mwenyewe wa kwanza iliyoifunga, na kadiri memori mpya zinavyopaa ndivyo na huko inakotoka watu wanavyozing'ang'ania za zamani.

Kinachobaki ni matengenezo. Mwezi uliopita nilikaa karibu saa nzima kwenye kibanda cha fundi mmoja Makoroboi, eneo ambalo jina lake lenyewe linatokana na koroboi, zile taa za mafuta zilizokuwa zikiundwa kwa makopo chakavu. Mama mmoja anayenunua dagaa Kirumba na kuwauza kwa jumla alileta simu isiyopokea chaji. Duka moja, alisema, lilikuwa limemwambia kwamba mfumo wa chaji umekufa na kumshauri achukue simu mpya ya mkopo. Fundi aliwasha taa ya kichwani, akaingiza ncha ya sindano kwenye tundu la chaji, akachokonoa taratibu, na kutoa donge la vumbi lililokandamana na magamba madogo yanayong'aa. Lilikuwa bado linanuka dagaa. Akapiga brashi yenye spiriti, akachomeka waya, simu ikaanza kupokea chaji. Shilingi elfu mbili. Mteja aliyefuata hakuwa na bahati hiyo: kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, kioo orijino kilikuwa karibu nusu ya bei ya simu nzima, na cha kopi fundi mwenyewe alimshauri asikinunue kwa kuwa mguso wake hauaminiki. Aliondoka na simu yake vilevile ilivyokuja.

Visa hivyo viwili vinabeba hoja yangu yote. Ufundi tunao, tena kwa wingi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, watu wa Sengerema nao huvuka asubuhi na kurudi jioni na simu iliyopona, bila kupanga foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado huipangia simu mbovu safari ya meli. Tunachokosa ni vipuri vya uhakika kwa bei inayoeleweka, na haki ya kujua kabla ya kununua kama vipuri hivyo vitapatikana. Umoja wa Ulaya umeliwekea jambo hili sheria: kuanzia tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa sokoni kule zinapaswa kuwa na lebo inayoonyesha uimara wa betri na daraja la urahisi wa kutengenezeka, vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo yaendelee kwa angalau miaka 5. Simu nyingi zinazouzwa Mwanza ni modeli zisizouzwa Ulaya, kwa hiyo ulinzi huo hautufikii wenyewe.

Nikiri pia udhaifu wa upande wangu. Fundi anaweza kubadili betri, lakini hawezi kuandika masasisho ya usalama. Simu iliyoachwa na mtengenezaji wake, hata ikiwa na kioo kipya, ni mlango wenye komeo bovu, na katika nchi ambayo akiba ya mtu hukaa kwenye akaunti ya simu hilo si jambo dogo. Kurefusha maisha ya simu bila kurefusha masasisho ni kurefusha hatari. Jibu langu ni kwamba urefu wa masasisho ni uamuzi wa mtengenezaji kuliko ugumu wa kiufundi. Google na Samsung zinatoa miaka 7 kwa simu zao za juu tangu Pixel 8 ya 2023 na Galaxy S24 ya 2024. Na Galaxy A16, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya matajiri, iliahidiwa miaka 6. Kama ahadi hiyo inawezekana kwa simu ya kati, mtengenezaji wa simu ya chini naye aulizwe anaahidi miaka mingapi, na jibu lake liandikwe juu ya boksi, hata kama jibu ni sifuri.

Kwa upande wa sera, ningependa tuache kuota msamaha mwingine wa kodi kwa simu mpya, ambao kwa sasa ungemezwa na bei ya memori kabla haujamfikia mnunuzi, na badala yake tupime unafuu wa kodi kwenye vioo, betri na mifumo ya chaji. Kiasi cha fedha ambacho Serikali ingekikosa ni kidogo zaidi, na kingeelekea moja kwa moja kwenye vibanda vya mafundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inaweza kuwapa mafundi wa mitaani cheti kwa ujuzi ambao tayari wanao, ili mtengenezaji asipate kisingizio cha kuwanyima vipuri na michoro ya bodi. Na namba ya RAM inapaswa kuwa ile ya chipu iliyomo ndani. Inayoazimwa ikae kwenye mstari wake yenyewe, kwa herufi za ukubwa uleule.

Chombo cha kusimamia hayo hatuhitaji kukiunda. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini, na ndiyo iliyozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Kabla ya usiku ule Watanzania walifundishwa kubonyeza *#06#, kunakili tarakimu 15 zinazotokea na kuzituma kwenda 15090, ambako ujumbe ulirudi ukitaja ni simu gani. Ujumbe huo unaweza kuongezwa mistari miwili: RAM halisi ya modeli hiyo, na mwezi na mwaka ambao masasisho yake ya usalama yatakoma. Mnunuzi angeusoma akiwa bado amesimama kaunta, boksi halijafunguliwa, kianzio kikiwa bado mfukoni mwake.